Abdulrahman Mohamed Babu
Abdulrahman Mohamed Babu (22 Septemba 1924 – 5 Agosti 1996) alikuwa mwanasiasa na mwandishi wa Kimarx kutoka Zanzibar.

Mwaka 1963 alianzisha chama cha Umma, na baada ya Mapinduzi ya 1964 akawa waziri.

Nadharia ya Kimarx hufundisha kwamba dola na sheria ni vyombo vya tabaka tawala, navyo vitatoweka matabaka yatakapokwisha. Babu mwenyewe alionja nguvu za vyombo hivyo: Karume alipouawa mwaka 1972, aliwekwa kizuizini Tanzania bara. Mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, lakini Nyerere hakumpeleka huko.

Aliachiwa mwaka 1978. Kitabu chake kuhusu ujamaa wa Afrika kilichapishwa mwaka 1981. Alifariki London.