Ulimi wa Cleon

Wahenga wetu walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ulimi wa kiongozi unapojikwaa, damu humtoka mtu mwingine. Ushahidi tunao katika maisha ya Cleon wa Athens, mji uliotawala visiwa vingi vya Ugiriki ya kale.

Cleon hakuwa wa ukoo mkubwa. Utajiri wa nyumba yao ulitokana na biashara ya ngozi. Baada ya kufariki Pericles mwaka 429 K.K., yeye akawa msemaji mwenye nguvu katika mkutano wa raia. Hatuna budi kumtendea haki. Waandishi waliotuachia habari zake, Thucydides na Aristophanes, hawakumpenda; tena ndiye anayetajwa kuwa aliongeza posho ya raia walioamua kesi mahakamani kutoka oboli 2 hadi 3, jambo lililowafaa maskini. Kosa lake halikuwa kuwasemea wanyonge, bali kuifanya hasira yao kuwa silaha, na kumfanya kila mpinzani aonekane mla rushwa.

Mwaka 428 K.K. mji wa Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, uliasi. Uliposalimu amri mwaka uliofuata, Cleon aliushawishi mkutano ukate shauri kwamba wanaume wote wazima wa mji huo wauawe, na wanawake na watoto wafanywe watumwa. Merikebu ikaondoka na amri hiyo. Siku ya pili raia waliingiwa na majuto, wakakutana tena. Cleon akashikilia kwamba amri isibadilishwe. Mtu aitwaye Diodotus akaipinga, na kwa kura chache tu ikafutwa. Merikebu ya pili ikatumwa, wapiga makasia wakila huku wanavuta, na kulala kwa zamu. Ilifika amri imekwisha kusomwa, lakini haijatekelezwa. Hata hivyo, waliohesabiwa kuwa wakuu wa maasi, zaidi ya 1,000 kwa hesabu ya Thucydides, waliuawa kwa shauri la Cleon huyo huyo.

Mwaka 423 K.K. ikawa zamu ya mji wa Scione. Kwa hoja ya Cleon, mkutano ukaamua watu wake wauawe. Mwaka 422 Cleon mwenyewe akafia vitani Amphipolis. Mwaka 421, Athens ikiwa imekwisha kupatana na Sparta, Scione ulitekwa na wanaume wake wakauawa. Mwenye neno alikwisha kufa. Neno lake lilikuwa lingali likiua. Safari hii hapakuwa na merikebu ya pili.

Sisi wa visiwani twajua kuwa chombo kilichokwisha tweka si rahisi kukirudisha. Kwa hiyo twawasihi viongozi na watumishi wa serikali: neno la kuwagawa watu lisifanywe amri siku ile ile lilipotamkwa. Lilale walau usiku mmoja, na mwenye rai tofauti asikilizwe bila ya kuitwa msaliti. Nao wananchi, kabla ya kumpigia makofi msemaji, wajiulize ni nani atakayelipa gharama ya maneno yake.