Abebe Bikila: bingwa wa marathoni aliyeanza upya baada ya ajali

Kutoka Feri, pale pantoni inapopakia watu wa Kigamboni, hadi Kibaha kwa Barabara ya Morogoro ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Mbio za marathoni ni ndefu kidogo kuliko hapo: kilomita 42 na mita 195. Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, askari mmoja wa Ethiopia alikimbia umbali huo kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akiwa peku. Jina lake Abebe Bikila.

Wasikilizaji wetu wengi mmelisikia jina hilo kwa sababu ya zile nyayo zisizo na viatu. Leo tunaeleza zaidi sehemu ya maisha yake isiyosimuliwa sana, yaani miaka minne na miezi saba aliyoishi baada ya ajali ya gari iliyompooza miguu. Katika miaka hiyo alirudi mashindanoni, na akashinda kwenye theluji akiwa juu ya sleji.

Askari kutoka Jato

Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa. Alipokuwa kijana aliingia Addis Ababa na kujiunga na Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko alikutana na kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen, aliyekuwa akiwafundisha askari riadha.

Mbio za Roma zilimalizika usiku, kwenye Tao la Konstantino. Karibu na mwisho, njia ilipita kwenye mnara wa jiwe wa Aksum, ambao jeshi la Italia liliung'oa Ethiopia na kuupeleka Roma mwaka 1937. Mnara huo ulirudishwa kwao mwaka 2005. Bikila alimwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco kwa sekunde 25 hivi, akavunja rekodi ya dunia, na akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuleta barani mwetu dhahabu ya Olimpiki.

Miaka minne baadaye alikwenda Tokyo. Wiki tano hivi kabla ya mbio alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alishinda tena, safari hii amevaa viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi nyingine ya dunia. Hakuna aliyekuwa amewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake. Alipovuka mstari hakuanguka chini kwa uchovu. Alianza kujinyoosha viungo kama mtu anayejiandaa kukimbia.

Mexico 1968 ilikuwa tofauti. Mguu ulikuwa umeumia, na baada ya kilomita 17 hivi alijitoa. Mwethiopia mwenzake, Mamo Wolde, ndiye aliyeshinda. Mbio hizo sisi Watanzania tunazikumbuka kwa sababu nyingine: ndizo ambazo John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji na kumaliza wa 57, wa mwisho, giza likiwa limeshaingia. Kwa hiyo siku moja, barabara moja, iliwaona wote wawili wakiumia.

Usiku wa Machi 1969

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969, Bikila alikuwa akiendesha gari lake, Volkswagen ndogo, ile yenye umbo la kobe. Gari lilimshinda, likapinduka, naye akabanwa ndani. Alikaa humo hadi asubuhi ndipo akatolewa.

Uti wa mgongo ulikuwa umeumia sehemu ya shingo. Uti huo ndio unaopitisha taarifa kutoka ubongoni kwenda kwenye mikono, miguu, kibofu na utumbo. Ukikatika au kubanwa, kila kilicho chini ya jeraha kinaweza kupoteza nguvu na hisia. Mwanzoni Bikila hakuweza kusogeza mikono wala miguu. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Siku chache baadaye alisafirishwa hadi Uingereza, kwenye hospitali ya Stoke Mandeville, na akatibiwa huko kwa miezi minane.

Hospitali iliyogeuza matibabu kuwa michezo

Hospitali hiyo inastahili maelezo kidogo. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alianzisha hapo wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo. Zamani hizo wengi wa majeruhi hao walikufa mapema, si kwa jeraha lenyewe, bali kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliagiza mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kibofu kitunzwe kwa usafi mkubwa. Kisha akaongeza kitu ambacho wengi hawakukitarajia wodini: michezo. Mgonjwa aliyevuta upinde au kurusha mpira alijenga mabega na mikono, na mikono hiyo ndiyo itakayomtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu.

Mwaka 1948 Guttmann aliandaa mashindano ya kwanza ya wagonjwa kwenye uwanja wa hospitali. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifanyika Roma, nayo leo yanahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Yalianza tarehe 18 Septemba, siku nane tu baada ya Bikila kushinda peku katika mji huohuo. Hakuna aliyejua kwamba bingwa yule naye angekuja kuwa mmoja wao.

Upinde, mpira wa meza na theluji

Kidogo kidogo nguvu za mikono ya Bikila zilirudi. Za miguu hazikurudi kamwe. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo, maana neno kupona huwa tunalitumia kana kwamba lina maana moja tu, kurudi ulivyokuwa. Kwa kipimo hicho Bikila hakupona. Mtu aliyekuwa na miguu mashuhuri kuliko yote duniani hakusimama tena juu ya miguu hiyo. Alichofanya ni kuuliza kilichobaki ni nini, kisha akakifanyia mazoezi.

Mikono ndiyo iliyobaki. Mwaka 1970 alishiriki michezo ya viti vya magurudumu ya Stoke Mandeville, katika kulenga shabaha kwa upinde na katika mpira wa meza. Mwaka uliofuata alialikwa Norway kwenye michezo ya watu wenye ulemavu. Huko kulikuwa na shindano la sleji, chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, mwenye kushindana akiwa amekaa. Umbali ulikuwa kilomita 25. Bikila, mtoto wa nchi ambayo watu wake wengi hawajawahi kukanyaga theluji, alishika nafasi ya kwanza.

Mwaka 1972 alikuwa mgeni wa heshima kwenye Olimpiki ya Munich. Uwanja ulimshangilia akiwa kwenye kiti chake, na Frank Shorter wa Marekani, aliyeshinda marathoni mwaka huo, alikwenda kumpa mkono.

Somo kwa vijiji vyetu

Bikila alikuwa na mfalme wa kumlipia safari na hospitali iliyobobea. Wengi wetu hatuna hayo. Lakini baadhi ya mambo yaliyomsaidia hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni dakika za mwanzo. Bodaboda ikianguka au mtu akidondoka kutoka kwenye mnazi au mwembe, usimnyanyue kwa kumshika mikono na miguu. Akisema shingo au mgongo unauma, au hasikii miguu, muacheni alivyo kama hakuna hatari ya moto au magari, mkatafute msaada. Ikilazimu kumhamisha, muwe watu kadhaa. Mmoja ashike kichwa kisigeuke, wengine wamsogeze kwa pamoja, kichwa, shingo na mgongo vikiwa mstari mmoja, hadi juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Kisha apelekwe hospitali. Hapa nchini, majeraha makubwa ya mgongo hupewa rufaa hadi taasisi ya mifupa ya MOI, pale Muhimbili.

La pili ni nyumbani. Mgonjwa aliyepooza ageuzwe mara kwa mara, na ngozi yake ikaguliwe kila siku, hasa makalio, nyonga na visigino. Wekundu au weusi usioondoka ni dalili ya kidonda kinachoanza.

La tatu ndilo gumu zaidi kwa familia nyingi, yaani kutomficha. Aliyepooza miguu ana mikono, ana akili, ana kazi anayoweza kuifanya na michezo anayoweza kuicheza. Tukimfungia ndani kwa huruma, tunamnyima hata yale ambayo ajali haikumnyang'anya.

Mwisho wake

Abebe Bikila alifariki dunia tarehe 25 Oktoba 1973 mjini Addis Ababa, kwa kuvuja damu kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ajali ile. Alikuwa na miaka 41, na aliacha mke na watoto wanne. Makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza kaburini, Mfalme Haile Selassie akiwa miongoni mwao. Uwanja mmoja wa michezo mjini Addis Ababa una jina lake hadi leo.