Rudahigwa, mfalme aliyebatizwa ukubwani

Kila mara mabishano ya ubatizo yanapozuka kati yetu tuliorudi nchini, namkumbuka Mfalme Mutara III Rudahigwa wa Rwanda. Baadhi yetu tulibatizwa tukiwa wachanga katika makanisa ya Kikatoliki na Kianglikana huko Burundi, Uganda na Tanzania. Wengine walizamishwa majini wakiwa watu wazima, kwa Wapentekoste wa Kongo. Tumekutana nyumbani, na sasa posa zinakwama kwa sababu upande mmoja hautambui ubatizo wa upande wa pili.

Rudahigwa alizaliwa mwaka 1911, mtoto wa Mfalme Yuhi V Musinga na Kankazi. Mwaka 1929 alifanywa chifu wa Nduga na Marangara. Novemba 1931 Wabelgiji walimvua ufalme Musinga, aliyekuwa ameikataa katakata dini ya wamisionari, wakamtawaza mwanawe. Musinga alipelekwa Kamembe, na mwaka 1940 akavushwa hadi Moba, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Alifia huko mwaka 1944. Sisi tuliokulia ugenini tunajua uzito wa safari kama hiyo.

Mtu angedhani mfalme mpya alibatizwa mara tu alipokalia kiti. Haikuwa hivyo. Mapadri Weupe, waliofika Rwanda mwaka 1900, walifuata kanuni ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba mtu mzima afundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Mtoto wa Wakristo alipelekwa kanisani siku chache baada ya kuzaliwa, kwa kuwa wazazi na msimamizi waliahidi kwa niaba yake. Mtu mzima alitakiwa kujibu mwenyewe, na maisha yake yakachunguzwa, hasa ndoa.

Ndoa ya mfalme ilikuwa na matatizo. Mkewe wa kwanza, Nyiramakomali, hakupata mtoto, wakaachana. Mwaka 1942 akamwoa Rosalie Gicanda, msichana Mkristo.

Ndipo Jumapili ya tarehe 17 Oktoba 1943, huko Kabgayi, Askofu Léon Classe alipombatiza, akiwa na umri wa miaka 32. Mama yake alibatizwa siku hiyo hiyo, akaitwa Radegonde. Msimamizi wa mfalme alikuwa Pierre Ryckmans, Gavana Mkuu wa Kongo ya Kibelgiji. Katika majina yake mapya, Charles Léon Pierre, la pili lilikuwa la askofu na la tatu la gavana. Musinga alikuwa bado hai uhamishoni.

Machifu walikuwa wamekwisha kumiminika kanisani tangu Musinga alipoondolewa, na raia wakawafuata. Waliobatizwa ukubwani wakawa wazazi, wakapeleka watoto wao wachanga. Hivyo, kwa kizazi kimoja tu, ubatizo wa kujitakia ukawa ubatizo wa kurithi. Mfalme mwenyewe hakujaliwa mtoto wa kumbatiza.

Je, aliamini kweli, au alifuata upepo? Naona matendo yake yajibu. Mwaka 1946 aliiweka nchi chini ya Kristo Mfalme. Mwaka 1954 alianza kuufuta ubuhake, ule mfumo wa mtu kumtumikia bwana ili apate ng'ombe. Baadaye alihitilafiana na Wabelgiji waliomtawaza, lakini hakuiacha imani. Alifariki ghafla Usumbura, sasa Bujumbura, tarehe 25 Julai 1959. Gicanda aliuawa Butare katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994.

Wakatoliki na Waanglikana hawarudii ubatizo uliofanywa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wabaptisti, Wasabato na Wapentekoste wanamtaka mtu aungame mwenyewe, kisha azamishwe. Lakini pande zote mbili zinadai kuwepo mtu wa kujibu: huku mzazi na msimamizi, huku mbatizwa mwenyewe. Rudahigwa alijibu mwenyewe, tena alichukua miaka mingi kabla ya kujibu.

Kwa hiyo nawaomba wazee wanaoketi kujadili posa: kabla ya kuuliza kijana alibatizwa wapi na kwa maji kiasi gani, waulizeni waliomwahidia kama walimlea walivyoahidi. Pengine hapo ndipo posa nyingi zingenusurika.