Mór Fischer: Fundi Aliyeziba Mapengo

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa thamani ya chombo cha kauri. Wazee wetu walivipanga vyombo vya Kichina katika zidaka za majumba ya Lamu, na kule Mambrui mabakuli yalitiwa katika nguzo ya kaburi. Basi leo, msomaji mpenzi, tumtazame mtu wa mbali aliyepata jina kwa vyombo vya aina hiyo: Mór Fischer wa Hungaria.

Fischer alikuwa Myahudi wa mji wa Tata, aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 18. Mwaka 1839 alikishika kiwanda kidogo katika kijiji cha Herend, karibu na Veszprém. Kilianzishwa mwaka 1826 na Vince Stingl, ambaye alilemewa na madeni. Mwaka 1843 moto ukakiteketeza. Fischer hakukata tamaa, akakijenga upya.

Zama zile makabaila wa Hungaria walirithi seti za vyombo kutoka China, Meissen ya Ujerumani na Sèvres ya Ufaransa. Lakini chombo ni chombo: mtumishi akiteleza, kikombe kimoja huvunjika na seti nzima hutiwa ila. Fischer aliiona riziki yake katika pengo hilo. Aliwafinyangia kile kilichopungua, na kilipowekwa mezani hakikujulikana na wenziwe.

Wala kazi hiyo si nyepesi. Udongo mweupe hufinyangwa, ukachomwa, ukatiwa maji ya kung'arisha, kisha huchomwa tena kwa moto unaopita digrii 1,300. Ndipo mchoraji huishika brashi, akatia ua baada ya ua kwa mkono, na chombo hurudi tanurini. Rangi ikiharibika motoni, taabu yote imepotea.

Mwaka 1851 alivipeleka vyombo vyake katika maonyesho makubwa ya London. Malkia Victoria aliagiza seti yenye maua na vipepeo kwa mtindo wa Kichina, na nakshi ile yaitwa Victoria hata leo. Mwaka 1864 kiwanda cha kifalme cha Vienna kilipofungwa, Kaizari Franz Joseph aliiruhusu Herend kutumia nakshi zake. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860 Fischer naye akatiwa katika daraja ya makabaila. Mwigaji amekuwa mrithi!

Lakini sifa si fedha. Katika miaka ya 1870 kiwanda kiliingia dhiki, naye Fischer akafariki mwaka 1880 kabla ya neema kurudi. Wanawe hawakuweza kukishikilia. Ni mjukuu wake, Jenő, aliyekichukua mwaka 1896 na kuurudisha ufundi wa babu. Serikali ilikitaifisha mwaka 1948, na katika miaka ya 1990 wafanyakazi wenyewe wakapata sehemu kubwa ya umilikaji. Mpaka leo vyombo vya Herend huchorwa kwa mkono.

Siku hizi wakusanyaji wa vitu vya kale huigeuza sahani wakatafuta alama yake chini, na aliyepungukiwa na kikombe kimoja cha zama za Fischer hukisaka miaka na miaka. Naam, mtu aliyeanza kwa kuziba mapengo ya wengine, leo pengo lake yeye ndilo gumu kuzibwa.