Kombe la Sumu na Sir John Kirk

Neno kombe sisi watu wa pwani twalijua: ni aya tukufu zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa kwa kutaraji shifaa. Naandika haya nikiwa Kombewa, upande wa Kisumu, na mlio wa jina la mji huu ndio ulionikumbusha kombe la namna nyingine: sumu ya mshale, na bwana mmoja aliyeionja.

Bwana huyo ni Sir John Kirk, Balozi wa Uingereza Unguja zama za Sayyid Barghash. Wengi wamjua kwa mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Lakini kabla ya ubalozi alikuwa tabibu. Alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh, na mwaka 1858 akafuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi.

Huko aliwakuta wawindaji wakipaka mishale yao sumu ya mbegu za mmea utambaao mitini, wakiiita kombe. Kirk akaitia mfukoni pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alionja uchungu, kisha akahisi mapigo ya moyo wake yamepungua kasi. Mwingine angelishukuru kunusurika, akanyamaza. Yeye alitaka kujua sababu.

Sumu ile ikafika Edinburgh kwa Profesa Thomas Fraser, aliyetoa ndani yake strofanthini. Mwaka 1885 Fraser akawaeleza madaktari kuwa, ikipimwa kwa hadhari, ni dawa ya moyo uliochoka.

Kirk alifariki mwaka 1922, siri yenyewe haijafichuka. Mwaka 1953 Schatzmann wa Uswisi alionyesha kuwa sumu za ukoo huu huzizuia chembe nyekundu za damu kusukuma sodiamu nje. Mwaka 1957 Skou wa Denmaki akaikuta pampu yenyewe katika neva za kaa. Pampu hiyo hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Uabaini, sumu ya msunguti ambao Wagiriama na Wakamba huutumia kwa mishale, ndiyo iliyomthibitishia: ukiiziba pampu kwa sumu, ndipo uionapo kazi yake. Skou alitunukiwa Nobel mwaka 1997.

Nami nasema, Kirk astahili sifa ya kuuliza. Lakini waliojua mbegu ipi, na kiasi gani, walikuwa wawindaji wale, na majina yao hayamo vitabuni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.