Theodor Boveri, mtu aliyetafuta chanzo cha kansa ndani ya mayai ya baharini

Theodor Boveri alifariki tarehe 15 Oktoba 1915 mjini Würzburg, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka mmoja mbele ya kifo chake alitoa kitabu kidogo juu ya chanzo cha kansa. Madaktari wengi wa wakati ule hawakukitilia maanani.

Alizaliwa Bamberg mwaka 1862, akasomea München, na mwaka 1893 akawa profesa wa elimu ya wanyama kwenye chuo kikuu cha Würzburg. Kazi yake haikuwa kutibu wagonjwa. Alikuwa akichunguza mayai kwa mikroskopi.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana, na ndani ya kila chembe mna kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi. Chembe inapogawanyika kuwa mbili, sharti kila moja ipate kromosomu zake kamili. Lakini inakuwaje kama mgawo huo unaharibika?

Boveri alitafuta jibu huko Napoli, Italia, pamoja na mke wake Marcella O'Grady, mtaalamu wa biolojia kutoka Marekani. Walitumia mayai ya kiumbe mdogo wa baharini, mviringo, mwenye miiba mwili mzima. Walipofanya mbegu mbili za kiume ziingie katika yai moja, yai hilo liligawanyika mara moja kuwa chembe tatu au nne, na kromosomu zikagawiwa ovyo: huku nyingi, kule chache. Karibu mayai yote ya namna hiyo yaliharibika au kufa. Mwaka 1902 Boveri akaeleza kwamba kila kromosomu ina kazi yake, na ikikosekana nyingine haiwezi kushika nafasi yake.

Kutoka hapo akafikia wazo zito zaidi. Pengine chembe iliyogawiwa vibaya haifi, bali inasahau mpaka wake na kuendelea kuzaana bila kusimama. Kwake, hiyo ndiyo kansa, na huanza katika chembe moja tu. Mwenyewe alikubali kwamba hakuwa mzoefu wa uvimbe wa kansa. Lakini afya yake ilikuwa mbaya, na hakuishi muda wa kutafuta ushahidi.

Mjane wake hakuacha kazi hiyo ipotee: mwaka 1929 kitabu kilitoka kwa Kiingereza, kwa tafsiri yake. Mwaka 1956 ndipo wanasayansi walihakikisha kwamba chembe ya mwanadamu ina kromosomu 46. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, watafiti wawili waliona kromosomu isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa aina moja ya kansa ya damu. Tangu mwaka 2001, wagonjwa hao wana dawa inayopiga kosa hilo lenyewe, na wengi wao wanaishi miaka mingi.