Otto Neurath: Mwalimu wa Picha na Maneno Machache

Kila mwaka, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mimi hukagua zana zilizotayarishwa na wanachuo wetu. Chati nyingi hufanana: zimejaa rangi, maandishi na mapambo, hata mtoto aketiye nyuma ya darasa hajui atazame wapi. Kosa hili halitokani na uvivu, kwani aghalabu mwanachuo amekesha akiichora. Kosa ni kwamba hakujiuliza aache nini. Swali hilo ndilo lililotawala kazi ya Otto Neurath, na kwa hiyo maisha yake yafaa kujulikana na walimu.

Neurath alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 10 Desemba, 1882. Alipata shahada ya udaktari huko Berlin mwaka 1906, kisha akafundisha katika shule ya biashara mjini kwao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu wengi wa Vienna walikosa nyumba, naye akafanya kazi na chama cha watu waliojijengea makazi na kulima bustani. Hapo alitambua kuwa habari za afya, kodi na kazi zilimhusu sana mfanyakazi, lakini zilifungiwa katika majedwali ya tarakimu ambayo hakuzoea kuyasoma.

Mwaka 1925 alianzisha jumba la maonyesho la jamii na uchumi. Humo wataalamu, waandishi na wachoraji walifanya kazi pamoja. Marie Reidemeister alipokea takwimu kutoka kwa wataalamu, akachagua lililo muhimu, akapanga jinsi litakavyoonekana. Mchoraji Gerd Arntz alichonga alama katika linoliamu: mtu, mashine, meli, kila kimoja kwa mistari michache tu.

Kanuni yao kubwa ilikuwa nyepesi. Tuseme idadi ya wanafunzi imeongezeka maradufu. Wengi wetu tungechora mtoto mmoja aliyerefushwa maradufu. Lakini mtoto huyo hupanuka pia, eneo lake likawa mara nne, na jicho likadanganyika. Neurath aliagiza wachorwe watoto wawili wa kimo kimoja. Rangi ilitumika pale tu ilipokuwa na maana, na maneno yalikuwa machache, yakieleza lile ambalo picha haiwezi kulisema. Picha ya kamera nayo ilikuwa na nafasi yake, lakini huonyesha kila kitu kwa pamoja. Alama huonyesha lile linalofundishwa.

Yafaa kukumbuka kwamba Olga, mkewe wa pili, aliyekuwa mtaalamu wa hisabati, alikuwa kipofu. Mtu huyu aliyeyatumaini macho kiasi hicho alijua pia thamani ya neno linalosomwa kwa sauti nyumbani.

Mwezi Februari, 1934, mapigano yalipozuka Austria, Neurath alikuwa safarini Moscow. Hakuweza kurudi kwao, akahamia Uholanzi. Huko, mwaka 1935, mbinu yake ilipewa jina la Isotype. Mwezi Mei, 1940, majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Uholanzi, yeye na Marie walitoroka baharini kwa mashua iliyojaa watu kupita kiasi. Uingereza iliwaokoa, kisha ikawaweka kizuizini kama raia wa nchi adui. Walipoachiwa mwaka 1941 walioana, wakaanza upya mjini Oxford. Neurath alifariki ghafla tarehe 22 Desemba, 1945.

Marie aliendeleza kazi hiyo. Katika miaka ya 1950 alitayarisha vijitabu kwa ajili ya serikali ya Nigeria ya Magharibi, akagundua kwamba alama za Ulaya hazikutosha: mavazi, nyumba na mimea ilibidi vichorwe upya, vifanane na vile wasomaji walivyovijua. Mbinu ilisafiri, lakini picha ilibidi zizaliwe mahali pale.

Walimu wenzangu, somo hili halidai fedha. Kabla ya kuchora chati, mwanachuo na aandike kwa sentensi moja jambo analotaka mtoto alijue. Akiisha kuchora, afunike sehemu moja moja kwa karatasi. Ikiwa sehemu imefunikwa na jambo bado linaeleweka, basi sehemu hiyo na ifutwe, hata kama ndiyo iliyomgharimu usingizi.